Mhamiaji akishakaribishwa, apewe na nafasi ya kuamua

Tarehe 21 Mei kila mwaka ni siku ya Umoja wa Mataifa ya kuenzi tamaduni mbalimbali, na sehemu nyingi zenye wahamiaji huipokea kwa ngoma na mavazi ya kila taifa. Sisi tunaohudumia familia za wahamiaji tunaipenda siku hiyo na tunashiriki kwa moyo wote. Kinachotusumbua ni tarehe 22. Mama aliyepigiwa makofi jukwaani jana anarudi kuwa mtu asiyeulizwa lolote, iwe ni kwenye kamati ya wazazi shuleni kwa mwanawe au kwenye umoja wa wakazi wa jengo analoishi.

Umoja wa Mataifa unakadiria kuwa mwaka 2024 watu wapatao milioni 304 walikuwa wakiishi nje ya nchi walikozaliwa. Wengine walifuata kazi au masomo, wengine ndoa, wengine walikimbia vita. Swali linaloulizwa sana kuwahusu ni kama wanajifunza lugha ya wenyeji na kufuata sheria. Ni swali halali, ila linamtazama mhamiaji peke yake. Mwanasaikolojia John Berry, ambaye ameandika mengi kuhusu watu wanaoishi kati ya tamaduni mbili, anauliza maswali mawili kwa pamoja: je, mtu anaendelea kushika ya kwao? Na je, anashirikiana na jamii aliyoikuta? Anayeacha ya kwao ili akubalike humezwa. Anayejifungia na wa kwao hutengana na wengine. Asiyepata hili wala lile hubaki pembezoni, na huyo ndiye anayetutia wasiwasi zaidi. Tafiti nyingi zimekuta kwamba wanaoweza kushika yote mawili huwa na utulivu zaidi wa nafsi na huyamudu vizuri maisha mapya. Berry anasisitiza pia jambo ambalo viongozi wengi hulisahau: mhamiaji hawezi kulichagua hilo mwenyewe ikiwa jamii inayompokea haijampa nafasi.

Nafasi hiyo hupatikanaje? Mwaka 1954 mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza masharti manne yanayofanya watu wa makundi tofauti wapunguze chuki wanapokutana: wawe na hadhi sawa katika jambo lililowakutanisha, wawe na lengo moja, walifuate kwa kushirikiana badala ya kushindana, na wenye mamlaka waliunge mkono. Mwaka 2006 wanasaikolojia Thomas Pettigrew na Linda Tropp walichapisha uchambuzi wa tafiti zaidi ya 500, wakaona kwamba kukutana kwa kawaida hupunguza chuki, na hupunguza zaidi pale masharti hayo yanapotimia.

Ukilipima tamasha kwa masharti hayo, utaona upungufu wake. Mmoja anacheza, mwingine anatazama, kisha kila mtu anakwenda kwake. Sasa fikiria wakazi wa jengo moja wanaodai taa za ngazini zitengenezwe. Wote wanapanda ngazi zilezile gizani. Wakigawana kazi, huyu akaandika barua, yule akapita mlango kwa mlango kukusanya sahihi, watajuana majina bila mtu kuwahubiria umoja. Methali inasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Wengi huielekeza kwa mgeni mvivu, lakini mimi naona inamdai mwenyeji pia, kwa sababu yeye ndiye mwenye jembe la kutoa. Wapo wauguzi, walimu na mafundi waliofika na ujuzi wa miaka mingi, vyeti vyao vikakwama, wakaishia kuhesabiwa kama watu wa kusaidiwa tu. Kuwasaidia vyeti hivyo vitathminiwe ni sehemu ya kuwafanya wajione wa hapa.

Mambo madogo ya mkutano nayo yana uzito kuliko yanavyodhaniwa. Mkutano ukiitishwa saa ambazo wahamiaji wengi wako zamu, hawatakuja, na itasemwa kwamba hawajali. Ajenda iwafikie mapema, kwa lugha wanazosoma. Watoto wapate mahali pa kukaa wakati wazazi wanazungumza. Mkalimani apatikane, tena wa kulipwa. Hapa nasema kwa mkazo, kwa kuwa mara nyingi mzigo huo hutupiwa mtoto. Mtoto wa miaka kumi anakaa kati ya mama yake na daktari, anasikia habari za ugonjwa ambazo hakupaswa kuzisikia kwa namna ile, na akikosea neno moja dawa inaweza kutumika vibaya. Nyumbani nako mambo hugeuka, mzazi anaanza kumtegemea mwanawe katika kila barua na kila simu, na heshima ya mzazi inayumba.

Kuhusu lugha ya nyumbani, wazazi wengi bado huambiwa waiache ili mtoto awahi kushika lugha ya shule. Ushauri huo hauna msingi. Jim Cummins, mtafiti wa elimu ya watoto wa lugha mbili, alionyesha kwamba mtoto huweza kuzungumza vizuri na wenzake baada ya takriban miaka miwili, ilhali lugha ya masomo humchukua takriban miaka mitano hadi saba kuwafikia wenzake, na kwamba msingi imara wa lugha ya kwanza humsaidia katika ya pili. Mkataba wa Haki za Mtoto wa mwaka 1989, ibara ya 29, unataka elimu ijenge heshima kwa wazazi wa mtoto, lugha yake, na maadili ya nchi anayoishi na ya ile alikotoka. Zote mbili zimetajwa.

Jambo jingine ni mazoea ya kutafuta msemaji mmoja. Ofisi inamwita mzee mmoja, inaamini imezungumza na jamii nzima. Watu waliotoka nchi moja wanaweza kuwa walitenganishwa na vita ileile iliyowahamisha, na wanawake na vijana mara nyingi wana mahitaji ambayo mzee huyo hayajui. Waitwe na wao, ikibidi kwa vikao vyao wenyewe. Ni hao watakaosema pia pale mila inapoumiza, kama msichana kulazimishwa kuolewa. Azimio la UNESCO la mwaka 2001 kuhusu tamaduni mbalimbali linakataza mtu yeyote kutumia utamaduni kama kisingizio cha kuvunja haki za binadamu.

Ubaguzi nao usifunikwe kwa hofu ya kuharibu amani. Mtoto akirudi nyumbani ametukanwa kwa sababu ya rangi au dini yake, msikilizeni kwanza mpaka amalize. Andikeni maneno yaliyosemwa, mahali na tarehe, kisha mwoneni mwalimu wa darasa na kumuuliza atachukua hatua gani na mrudi lini kupata majibu. Kama kuna mzazi mwenyeji ambaye mwanawe alishuhudia, mwombeni mwende pamoja. Wengi hukubali wakiombwa.