Je, Wajua? Kwa Nini Malazi ya Siku Tano Huweza Kuwa Nafuu Yakikatwa Vipande

Kwa muda mrefu niliamini kwamba hoteli huuza vyumba kama duka la jumla linavyouza sukari: anayechukua kilo moja hulipa bei ya rejareja, na anayechukua gunia zima hupunguziwa. Kwa imani hiyo, kila nilipopanga safari ya siku kadhaa niliandika tarehe ya kufika na tarehe ya kuondoka kwa pamoja, nikasoma bei iliyoletwa, na nikaridhika kwamba hakuna bei ya chini kuliko hiyo, kwani nani angemtoza mteja wa siku tano zaidi ya mteja wa siku moja? Kumbe siku tano zikiombwa kwa pamoja zinaweza kugharimu zaidi, tena kwa tofauti kubwa, kuliko siku zilezile, katika hoteli ileile, zikiombwa kwa maombi mawili au matatu yanayofuatana. Jambo hili halitokani na hila ya mwenye hoteli wala hitilafu ya kompyuta, na chanzo chake kinaeleweka vizuri kikitazamwa kwa utulivu.

Mimi nilikikuta Unguja, mwezi Februari, katika juma la Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi limekuwa likifanyika Ngome Kongwe. Nilitaka kulala Mji Mkongwe kuanzia Jumanne hadi Jumapili asubuhi. Hoteli niliyoichagua ilikuwa nyumba ya zamani ya ghorofa tatu yenye vyumba visivyozidi kumi na viwili, vya aina mbili tu: vya kawaida vinavyotazama uani, ambavyo bei yake ilikuwa kama shilingi 150,000 kwa usiku, na vya roshani vinavyotazama barabarani, kama shilingi 240,000. Tovuti iliniletea shilingi 1,200,000 kwa chumba cha roshani, na haikutaja chumba cha kawaida hata kimoja. Nikahitimisha kwamba vya kawaida vimekwisha. Nilipopiga simu kuuliza jambo jingine, dada wa mapokezi alinisahihisha kwa sentensi mbili: “Vya kawaida vipo, kaka. Kilichojaa ni Ijumaa peke yake.”

Hapo ndipo penye kiini cha suala lote. Mfumo wa kuweka nafasi unapopokea tarehe mbili, hautafuti bei ya chini ya kila usiku halafu ukajumlisha. Unatafuta aina moja ya chumba, kwa mpango mmoja wa bei, iliyo wazi katika kila usiku ulioombwa bila kukatika. Usiku mmoja ukikosekana, aina hiyo yote inaondolewa kwenye majibu, na msafiri haonyeshwi kwamba kulikuwa na usiku mwingine minne wazi kwa bei ndogo. Anachoona ni aina inayofuata kwa gharama, kwa siku zote tano.

Mfano wa duka la vitambaa unafaa hapa kuliko ule wa sukari. Mteja anaingia akitaka mita tano za kitambaa cha mapazia, kipande kimoja kisicho na mshono. Jora la bei nafuu limekwisha katwa mara kadhaa, na kilichobaki ni kipande cha mita tatu na kingine cha mita moja. Muuzaji aliyeambiwa “mita tano, kipande kimoja” hana budi kuliacha jora hilo kabisa na kulivuta la ghali, ambalo bado lina mita tano kamili, na mteja atalipa bei ya juu kwa mita zote tano ingawa nne kati ya hizo zilikuwapo dukani kwa bei ya chini. Muuzaji hakudanganya, amejibu swali aliloulizwa. Lakini mteja angesema tangu mwanzo kwamba mshono haumsumbui, angepewa mita tatu za jora nafuu, mita moja ya jora ghali mahali palipopungua, na mita moja ya mwisho ya jora nafuu tena. Pazia lingekuwa na mishono miwili na bei ingeshuka sana. Kugawanya malazi ni kumwambia muuzaji kwamba mshono unavumilika, na mshono wenyewe ni kuhama chumba.

Hesabu ya safari yangu ilifuata mfano huo hatua kwa hatua. Jumanne, Jumatano na Alhamisi katika chumba cha kawaida ni shilingi 450,000. Ijumaa katika chumba cha roshani ni 240,000. Jumamosi katika chumba cha kawaida ni 150,000. Jumla ni 840,000, yaani pungufu ya 360,000 kulinganisha na bei ya awali, kwa gharama ya kuhama mara mbili. Njia ya kati ilikuwa kubaki katika chumba cha roshani Ijumaa na Jumamosi, na hapo jumla inakuwa 930,000 kwa kuhama mara moja. Uhamaji wa pili, kwa hiyo, ulikuwa na thamani ya shilingi 90,000, na nikaamua kwamba sitaki kufunga begi asubuhi ya Jumamosi kwa kiasi hicho. Mwenye watoto wawili na masanduku manne angeweza kuamua kutohama kabisa, na uamuzi wake ungekuwa sahihi vilevile.

Nilipofika, dada yule alinigeuzia kioo cha kompyuta nikaona jambo lenyewe kwa macho. Upande wa kushoto vyumba vimepangwa kutoka juu hadi chini, juu zimepangwa tarehe, na kila mgeni ni mstari wa rangi unaolala juu ya siku zake. Katika safu za vyumba vya kawaida, nafasi nyeupe zilionekana Jumanne hadi Alhamisi, kisha Ijumaa rangi ilijaa kutoka chumba cha kwanza hadi cha mwisho, kisha nafasi moja nyeupe ikatokea tena Jumamosi. Yapo maelezo ya ziada ambayo watu wengi huyakosea, nami niliyakosea pia: tovuti kwa kawaida haiangalii chumba namba 4 au namba 7, bali huhesabu idadi ya vyumba vya aina fulani vilivyobaki kila usiku. Ikiwa kila usiku kimebaki angalau kimoja, hata kama si kilekile, mfumo mara nyingi utakubali kuuza, na mtu wa mapokezi ndiye atakayeihamisha mistari ya wageni wengine ili safu moja ipate uwazi wa siku tano. Tatizo linaanza pale hesabu ya usiku mmoja inapofika sifuri. Ndiyo maana hoteli ndogo za Mji Mkongwe, ambazo nyumba zake hazikujengwa kuwa hoteli na ambazo aina moja inaweza kuwa na vyumba vitatu tu, zinaathirika upesi: wageni watatu wa usiku mmoja wanatosha kuifunga aina hiyo kwa kila anayetaka kupita katikati ya usiku huo.

Sasa nirudi kwenye sukari, kwa sababu kosa langu lilikuwa na mizizi mirefu kuliko nilivyodhani. Sukari iliyo ndani ya gunia ni ileile juu na chini, na isiponunuliwa leo itanunuliwa kesho. Usiku wa hoteli hauna sifa hata moja kati ya hizo. Chumba kilicholala kitupu Jumanne hakiwezi kuuzwa Jumatano pamoja na usiku wake uliopita; kukicha, bidhaa hiyo imekufa. Tena usiku wa Jumatano katika juma tulivu na usiku wa Ijumaa katika juma la tamasha ni bidhaa mbili tofauti zinazokaa ndani ya kuta zilezile. Dodoma, wakati wa Bunge la Bajeti kati ya Aprili na mwisho wa Juni, vyumba hutafutwa siku za kazi na kulegea mwishoni mwa juma, ilhali katika hoteli za ufukweni Mombasa na Diani mwishoni mwa juma ndipo watu wanapofika. Anayelala siku tano hanunui gunia, ananunua bidhaa tano zilizopangwa foleni, na kila moja ina bei yake. Ni kweli kwamba mgeni anayekaa humpunguzia mwenye hoteli kazi ya kufua mashuka na kuandaa chumba upya, na kwa sababu hiyo punguzo la kukaa muda mrefu lipo katika hoteli nyingi. Lakini hutolewa pale hoteli inapotaka kujaza siku zilizolegea, na si haki inayomfuata kila mteja wa siku nyingi.

Namna hii ya kupanga bei haikuanzia hotelini. Mwaka 1978 serikali ya Marekani iliyaachia mashirika ya ndege uhuru wa kujipangia nauli, na mwaka 1985 American Airlines ilitangaza nauli za chini sana kwa idadi maalumu ya viti, huku kompyuta zikilinda viti vilivyobaki kwa ajili ya wasafiri wa dakika za mwisho wenye uwezo wa kulipa zaidi. Marriott ikawa miongoni mwa kampuni za hoteli zilizoichukua mbinu hiyo mapema. Mpaka leo msafiri wa ndege anaweza kukutana na ndugu pacha wa tatizo letu: familia ya watu watatu ikiomba tiketi kwa pamoja wakati nauli ya chini imebakiwa na viti viwili tu, mara nyingi wote watatu hutozwa nauli ya juu.

Zipo sababu nyingine za tofauti ya bei, ingawa hazionekani kwa urahisi kutoka nje. Ofa inayohusu tarehe fulani inaweza kutoweka kwa safari nzima kwa sababu usiku mmoja umeangukia nje ya tarehe hizo. Baadhi ya hoteli huchukua bei ya siku ya kufika na kuitumia kwa siku zote, na hapo anayefika siku ya bei kubwa huumia, huku anayefika siku ya bei ndogo akifaidika na kupata hasara iwapo atagawanya. Tovuti nyingi pia huonyesha wastani wa bei kwa usiku, na wastani huuficha usiku mmoja wa ghali ndani ya usiku mwingine wa kawaida.

Kwa hiyo ni kosa kudhani kwamba kugawanya ni nafuu sikuzote, na nadhani kosa hili la pili ni baya kuliko la kwanza, kwa kuwa hufanywa na mtu anayejiona mjanja. Juma ambalo vyumba vyote viko wazi, vipande vitajumlishwa na kuwa sawasawa na kizima, au kuzidi, kwa sababu punguzo la siku nyingi litakuwa limepotea. Nyakati za tamasha na sikukuu hoteli huweka sharti la kukaa siku mbili au tatu kwa uchache, na anayeomba usiku mmoja huambiwa hakuna chumba. Anayelipa kwa pointi, zile ambazo kampuni za hoteli huwapa wateja wao wa kudumu, aangalie zaidi: mpango wa Marriott hutoa usiku mmoja bure kwa malazi ya siku tano mfululizo yaliyolipiwa kwa pointi, na wa Hilton hufanya hivyo kwa wanachama wa ngazi ya Silver na zaidi, na zawadi hiyo huondoka mara tu siku hizo zinapokatwa.

Je, ni halali? Wengine hulinganisha jambo hili na ile mbinu ya kununua tiketi ya ndege ya mji wa mbali na kushukia njiani, ambayo mashirika mengi huikataza katika masharti yao. Ulinganisho huo haufai, kwa sababu anayegawanya malazi analala kila usiku alioulipia. Karibu zaidi ni abiria wa treni wa Uingereza, ambao masharti ya usafiri yanawaruhusu kutumia tiketi kadhaa zinazoungana kwa safari moja, mradi treni isimame katika vituo ambako tiketi hizo zinakutana.

Anayetaka kujaribu aombe kwanza siku zote pamoja, kisha aombe usiku mmoja mmoja na kuandika bei za kila aina ya chumba kwenye karatasi. Usiku ulioziba utajitokeza wenyewe. Kabla ya kulipa asome masharti ya kufuta ya kila ombi, maana kila moja linasimama peke yake: akichelewa siku ya kwanza, ombi la kwanza linaweza kufutwa huku mengine yakibaki na deni lake. Kisha apige simu hotelini, ataje namba za maombi yote, na aombe yaunganishwe kwenye jina lake. Mara nyingine mapokezi humwachia mgeni chumba kimoja muda wote, lakini hilo ni hisani yao na halifai kuingizwa kwenye hesabu.

Mshono wenyewe huwa kati ya saa nne asubuhi, wakati chumba cha kwanza kinapotakiwa kuachwa, na saa nane mchana, wakati cha pili kinapokuwa tayari. Ijumaa ile nilifunga begi saa tatu na nusu, nikaliacha nyuma ya meza ya mapokezi likiwa na karatasi yenye namba zangu zote mbili, nikaenda kuketi Forodhani. Niliporudi lilikuwa limekwisha pandishwa ghorofa ya tatu, na ufunguo wa chumba cha roshani ulikuwa umewekwa juu yake.