Desibeli moja si ya kupuuzwa
Wapenzi wengi wa redio za ridhaa huamini kwamba kuongeza desibeli (kizio cha kulinganisha nguvu za mawimbi) 1 au 2 ni kazi bure, kwa kuwa hatua moja ya kipimo cha S, kinachoonyesha redioni nguvu ya mawimbi yanayopokelewa, ni desibeli 6, yaani nguvu mara 4. Kwa mawimbi yanayosikika vizuri, ni kweli. Lakini mawimbi dhaifu hushindana na kelele, si na sindano ya kipimo. Ujumbe wa FT8, mtindo wa kidijitali wa kutuma ujumbe mfupi kwa mawimbi dhaifu, husomeka hadi takriban desibeli 21 chini ya kelele ya upana wa hezi 2500. Kwenye ukingo huo, desibeli 1, ambayo ni nguvu zaidi kwa asilimia 26, huweza kuamua kama utasomeka au utapotea. Ila kikuza mawimbi kinachopandisha na kelele kwa kiasi kilekile hakisaidii.