Paulo aliachwa na wote, akaagiza joho

Wengi wanaonijia kwa ushauri wa kichungaji huanza kwa kuomba radhi. Kuna aliyeachwa na mwenzi, aliyetengwa na ndugu zake, aliyeondolewa kwenye huduma aliyoitumikia kwa moyo wote, na karibu kila mmoja huona kwamba angekuwa na imani ya kutosha asingeumia hivi. Kwa hiyo anabeba mizigo miwili, maumivu na aibu ya kuumia.

Huo wa pili ndio ninaoanza nao. Mwaka 2003 Naomi Eisenberger na wenzake walichapisha utafiti wa watu waliopigwa picha za ubongo huku wakitengwa katika mchezo wa kompyuta wa kurushiana mpira. Sehemu mojawapo ya ubongo iliyoamka inahusika pia na adha ya maumivu ya mwili. Na ule ulikuwa mchezo tu, tena na watu wasiowajua. Sembuse kukataliwa na uliyekula naye meza moja!

Biblia haikuhitaji mashine kulijua hilo. Karibu theluthi ya Zaburi zote 150 ni maombolezo. Katika Zaburi ya 55 mwimbaji anasema tusi la adui angelivumilia, ila huyu ni rafiki aliyekwenda naye nyumbani mwa Mungu. Zaburi ya 88 inaishia gizani, bila hata mstari mmoja wa shukrani, nayo haikuondolewa. Yesu mwenyewe msalabani aliomba kwa maneno ya Zaburi ya 22. Ndiyo maana huwa sina subira na wanaomwambia aliyejeruhiwa jana, "Shukuru kwa kila jambo," kisha wakaenda zao.

Lakini sura ninayoirudia kuliko zote ni ya 4 ya Waraka wa Pili kwa Timotheo. Paulo yuko kifungoni, anajua mwisho wake u karibu. Dema, mwenzake katika huduma, amemwacha; Luka peke yake ndiye yuko naye. Katika kujitetea kwake mara ya kwanza hakuna aliyesimama upande wake. Tazama anavyolipokea jambo hilo. Kwanza analitaja waziwazi: "wote waliniacha." Kisha anawaombea walioogopa wasihesabiwe hatia. Lakini kwa Iskanda, mfua shaba, aliyemtendea mabaya mengi, anabadili sauti: Bwana atamlipa, nawe Timotheo ujihadhari naye. Aliyekimbia kwa hofu na aliyekusudia kudhuru hawatendewi sawa. Kisasi kimekwenda kwa Mungu, ila tahadhari imebaki. Mtu anayeshinikizwa arudi haraka kwa aliyemuumiza, ati ndiyo kusamehe, namsomea mistari hiyo polepole.

Halafu Paulo anasema Bwana alisimama pamoja naye, akamtia nguvu. Tungetarajia aishie hapo. Wapi! Katika barua hiyohiyo anaomba joho aliloliacha Troa kwa Karpo, vitabu, hasa vile vya ngozi, na anamsihi Timotheo ajitahidi kufika kabla ya majira ya baridi. Uwepo wa Mungu haukumfanya aone haya kuhitaji nguo na rafiki. Anamtaka hata Marko, yuleyule ambaye zamani Paulo alikataa kusafiri naye, hadi akagombana na Barnaba, mwenzake wa safari. (Hili huwashtua wengi: aliyekataliwa naye aliwahi kukataa.)

Basi swali langu la mapema kwa mtu ni hili: unadhani Mungu anakuonaje sasa? Siliulizi kwa udadisi. Kenneth Pargament na wenzake waliwafuatilia wagonjwa wazee, na mwaka 2001 wakaripoti kwamba waliokuwa na mgogoro wa kiimani, kama vile kuhisi wameachwa na Mungu, walikuwa katika hatari kubwa zaidi ya kufariki katika kipindi cha utafiti. Akinijibu kwamba Mungu amemtupa, simkemei. Namwomba amwambie Mungu hivyohivyo, kwa sauti, nami nikiwepo. Baadaye tunatafuta Luka wake ni nani, yule mmoja aliyebaki, na tunaandika anachohitaji wiki hii: kulala, kula, mtu wa kumsindikiza ibadani.

Anayepigwa, tunaanza na usalama wake. Habari ya kusamehe itasubiri. Na anayetamani kufa nampeleka kwa daktari siku hiyohiyo, tukiomba njiani.