Herufi ya 20: mutesheni inavyopewa jina na daraja

Hapa Uganda, ukitaja sikoseli (ugonjwa wa seli mundu), AS (aliyerithi S kwa mzazi mmoja, si mgonjwa) na SS (aliyerithi kwa wote wawili, mgonjwa) hazihitaji maelezo mengi. Utafiti wa kitaifa uliochapishwa mwaka 2016 ulikuta asilimia 13.3 ya watoto waliopimwa wana AS. Lakini majibu ya DNA yakitoka, mzazi haoni S popote. Anakuta HBB:c.20A>T, p.Glu7Val, na kuuliza kama huo ni ugonjwa mwingine.

Ni sikoseli ileile. HBB ni jeni yenye maelekezo ya beta-globini, sehemu ya himoglobini, protini ya damu inayobeba oksijeni. Herufi c inamaanisha tunahesabu katika sehemu ya jeni inayotengeneza protini. Herufi ya 20 ya DNA ilikuwa A, sasa ni T; badiliko kama hilo ndilo huitwa mutesheni. Upande wa p ni matokeo kwenye protini: asidi amino (kipande kimoja cha mnyororo wa protini) ya saba, glutamiki (Glu), imempisha valini (Val). Vitabu vya zamani huandika 6. Vernon Ingram aliigundua tofauti hiyo miaka ya 1950 akichunguza protini yenyewe, na protini iliyokomaa huwa imeshakatwa asidi amino yake ya kwanza, methionini. Kanuni za sasa, za HGVS, chama cha kimataifa cha wataalamu wa mabadiliko ya jeni, zinaihesabu. Ripoti yenye Glu6Val haina kosa, ina umri tu.

Mimi hupenda kufundishia papo hapo, kwenye herufi tatu GAG, ya 19 hadi ya 21, zinazotaja asidi amino hiyo ya saba. Ya 19 ikiwa A, unapata himoglobini C (p.Glu7Lys), inayojulikana zaidi Afrika Magharibi. Ikiwa T, inatokea TAG, amri ya kusimama, na protini inakatika ikiwa changa. Ya 21 ikiwa A, hakuna kinachobadilika kwenye protini, kwani GAA nayo husomwa glutamiki. Na ile ya 20 ikidondoka, yaani c.20del? Jeni husomwa herufi tatu tatu, kwa hiyo zote zinazofuata zinasogea na ujumbe unavurugika. Hapo tunazungumzia beta-thalasemia, ugonjwa wa damu wa kukosa beta-globini ya kutosha, si sikoseli.

Hakuna jina hata moja hapo linalosema "hatari". Hukumu ni kazi nyingine, na tangu 2015 maabara nyingi hufuata madaraja matano ya ACMG, chama cha wataalamu wa jenetiki ya tiba cha Marekani: inasababisha ugonjwa, huenda inasababisha, haijulikani, huenda haina madhara, haina madhara.

Hilo la katikati ndilo linalotuumiza sisi. Badiliko likikutwa kwa watu wengi wenye afya, haliwezi kuwa chanzo cha ugonjwa mkali na adimu. Ila hifadhidata za dunia zimejaa watu wenye asili ya Ulaya, hivyo kitu cha kawaida kabisa huku kinaonekana adimu. Mwaka 2019 zilichapishwa jenomu nzima (DNA yote) za watu karibu 2,000 wa Uganda. Zinasaidia sana, ingawa kwa nchi yenye makabila mengi hivi bado ni chache.

Kwa hiyo ukipewa daraja la tatu kwenye jeni ya saratani ya matiti, mathalani, usikubali titi liondolewe kwa sababu hiyo peke yake. Iulize maabara italipitia upya lini, na kama ndugu zako wapimwe pia ili kuona badiliko hilo linaandamana na ugonjwa au la.