Baridi yabisi: kamera ya gama huonaje mishipa inayoota ndani ya kiungo?

Mishipa mipya inafuata nini kwenye kiungo?
Katika baridi yabisi ya rumatoidi, kinga ya mwili hushambulia utando wa ndani wa kiungo. Utando huvimba, hukosa oksijeni ya kutosha, na chembe zake hutoa protini iitwayo VEGF inayochochea mishipa ya damu kuota. Mishipa hiyo huleta chembe zaidi za kinga, utando unazidi kunenepa, kisha unaanza kula gegedu na mfupa.

Eksirei haitoshi?
Eksirei huonyesha mfupa ulioliwa tayari. Mama wa Kirumba, Mwanza, anayeamka vidole vimekakamaa saa nzima, hata kisu cha samaki hakishikiki, anaweza kuwa na eksirei safi kabisa.

Kipimo chenyewe kinafanywaje?
Kilichozoeleka ni skani ya mifupa ya awamu tatu. Mgonjwa hudungwa mshipani teknesiamu-99m, dawa ya mionzi, iliyofungwa kwenye MDP, kemikali inayokwenda kwenye mfupa; aghalabu megabekereli (kipimo cha mionzi) 500 hadi 740. Dakika ya kwanza kamera ya gama, inayonasa mionzi hiyo, hufuata damu inavyoingia. Ndani ya dakika 10 hupiga picha ya damu iliyojaa kwenye nyama laini. Picha ya mfupa husubiri saa 2 hadi 4. Uvimbe wa utando hujionyesha zaidi kwenye zile mbili za mwanzo.

Lakini damu nyingi si lazima iwe mishipa mipya. Ndiyo maana watafiti wametengeneza vinasa vyenye mionzi vya RGD, kipande kifupi cha protini, vinavyoshika integrini αvβ3, protini inayojaa juu ya chembe za mishipa inayoota. Hivyo bado ni vya utafiti, usiviulizie dirishani.

Nini huharibu picha?
Sindano ikikosa mshipa, dawa ya mionzi hubaki pale na kung'aa kama ugonjwa. Kiganja cha kulia kikiuma zaidi, dunga mkono wa kushoto. Tone la mkojo wenye dawa hiyo kwenye nguo nalo hudanganya. Kiungo kilichochakaa kwa umri hung'aa pia, hivyo picha husomwa pamoja na vipimo vya damu. Dawa za steroidi hufifisha uvimbe: kama unazitumia, mtajie daktari, usiziache mwenyewe.

Anayetoka Ukerewe ajipangeje?
Apange kulala Mwanza, maana kivuko hakisubiri picha ya mwisho. Baada ya sindano anywe maji glasi 4 hadi 6 na akojoe mara kwa mara. Mjamzito au anayenyonyesha aseme kabla ya kudungwa. Teknesiamu hupungua nusu kila saa 6. Baada ya siku moja hubaki sehemu 1 kati ya 16, achilia mbali iliyotoka na mkojo.

Dawa za kutibu zisubiri skani?
Hapana. Dalili na vipimo vya damu vikitosheleza, methotrexate, dawa ya baridi yabisi, huanza. Ni mara moja kwa wiki; kuimeza kila siku kunaweza kuua.