Tanki la bati halivuji, kwa hiyo samaki wako salama? Hapana

Wengi wanaoanza akwaponiki nyumbani, yaani kufuga samaki na kupanda mboga kwa maji yaleyale, wanaamini tanki la bati lenye zinki, kwa vile halishiki kutu haraka na halivuji, basi kazi imeisha, jaza maji tia samaki. Sio hivyo jamani. Hiyo zinki inayozuia kutu ndo inayokuja kuua samaki, maana bakteria wakigeuza amonia ya kinyesi kuwa naitreti wanaachia asidi, pH (kipimo cha uchachu wa maji, kikishuka uchachu unazidi) inashuka taratibu chini ya 7, na maji yakishakuwa na uchachu yanailamba zinki kidogo kidogo mpaka matamvua yanaharibika na unaona samaki wanahemea juu. Halafu mtu analaumu chakula!

Sasa wengine wanapaka rangi ya geti, hapo umeongeza sumu tu. Tumia epoksi, ile rangi ngumu ya kuziba, ya matanki ya maji ya kunywa, piga msasa kwanza mpaka mng'ao uishe, futa vumbi na grisi, na uiache ikauke kabisa kama kopo linavyosema, sio ukigusa haishiki kidole unajaza maji. Mimi lakini naona bora utandike ndani ya tanki nailoni nzito ya bwawa, ikitoboka unabandika kiraka, ila bomba linapotokea weka washa za mpira ndani na nje, ndo panapovujaga. Na koki za shaba usiweke, nazo ni sumu kwa samaki.