Jino lililong'arishwa: kuzidisha asidi hakushikishi rezini

Wapo hapa Goma wanaodhani rezini (plastiki ya kuzibia jino) ikibanduka kwenye jino lililotoka kung'arishwa, dawa ni kuongeza muda wa asidi inayopakwa kwanza ili rezini ishike. Sivyo. Peroksaidi, dawa ya kung'arishia, huacha oksijeni ndani ya enameli (tabaka gumu la nje la jino), na oksijeni hiyo huzuia rezini kuganda sawasawa. Asidi zaidi haitatui hilo.

Mgonjwa anayeweza kurudi, angoje wiki 2 oksijeni itoke; rangi nayo itakuwa imetulia. Asiyeweza, tuseme kesho anapanda meli kwenda Bukavu, mpake jinoni sodiamu askobeti ya 10%, chumvi ya vitamini C inayoondoa oksijeni hiyo: gramu 10, ongeza maji yaliyokenekwa hadi mililita 100, changanya siku hiyohiyo kwani hewa huiharibu. Iache dakika 10, suuza vizuri, kausha, ndipo asidi ya fosfori na gundi. Tafadhali, usisage tembe za vitamini C za farmasi: nyingi ni asidi askobiki, inayomomonyoa enameli.